Kimya alipunguza kila kilo garini, kumbe nguvu zilifungiwa ndani

Saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi. Lori la kokoto linapanda mlima kwa mwendo wa mtu aliyejitwika gunia, likitema moshi mweusi unaoziba nusu ya barabara. Nyuma yake, ndani ya gari dogo la umeme lenye rangi ya maziwa, mwanamke mwenye sweta ya kijivu anatupa jicho kwenye kioo cha pembeni, anaona njia nyeupe, anakanyaga.

Gari linaruka.

Halingurumi, halitoi hata mlio. Ni vichwa vitatu tu vinavyotupwa nyuma kwa pamoja. Lori linabaki, la mbele yake linabaki, na kabla mtu hajamaliza kushika kitu cha kushika, mlima umeisha na taa za hospitali zinaonekana.

"Mwenzangu," anasema mwanamke wa kiti cha nyuma, akirudisha kitambaa chake kichwani, "mimi figo zimeshaniacha. Usinitoe na roho."

Dereva hacheki. Anaitazama saa ya kwenye skrini, na uso wake unakuwa wa mtu aliyefungua sufuria akakuta chakula hakijaiva. Wamepita malori mawili kwa pumzi moja, na bado wamechelewa.

Jina lake halisi linajulikana na ofisi ya leseni tu. Mtaani ni Kimya, kwa sababu gari lake hufika mlangoni bila mtu kulisikia, na kwa sababu mwenyewe si msemaji. Ana miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akipikia wanafunzi mia nne. Shule ilipofungwa, kiinua mgongo chake chote kikaenda kwenye gari hili, lililokuwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Leo hii kazi yake kubwa ni kubeba wagonjwa wa figo kwenda kusafishwa damu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anawachukua watatu: Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu, anayekaa mbele; Mshonaji, mwenye mdomo usiolala; na Seremala, ambaye sukari imemwachia macho ya kuona vivuli tu. Siku nyingine anabeba abiria wa kawaida. Mwezi ukiwa mzuri, anabakiwa na kiasi kinachotosha kodi, umeme na ada ya chuo ya binti yake, na kidogo cha kuweka.

Mtu akimuuliza kwa nini wagonjwa na si watu wa sokoni, hujibu kwa sentensi chache.

"Kaka yangu alikuwa anakwenda kwenye mashine kwa basi. Kila mara anafika amechelewa. Mashine haikusubiri. Zamu inayofuata ikifika wanakuchomoa, hata kama saa zako nne hazijatimia. Dakika ulizopoteza mlangoni hurudishiwi."

Kaka huyo alifariki miaka mitatu iliyopita. Kimya hasemi kwamba ni dakika zilizomuua. Anasema hajui, na kwamba kutojua huko ndiko kunakomwamsha saa tisa na nusu bila kengele.

Basi mwaka jana, machimbo ya kokoto yalipofunguliwa upande wa pili wa mji na malori yakaanza kuutawala mlima wa hospitali, aliingiwa na hofu. Gari lake halikuwa na nguvu ya kuyapita. Likikanyagwa mlimani lilivuta kwa upole, kama mgonjwa anayejikongoja, huku pengo la kupitia likijifunga mbele yake. Walianza kuchelewa, leo dakika tatu, keshokutwa nne.

Hapo mpishi aliyemo ndani yake akaamka. Jikoni Kimya hakuwahi kukadiria kitu kwa macho. Unga, chumvi, mafuta, vyote vilipita kwenye mizani, na mizani ile ya kilo hamsini alikuwa amepewa siku shule ilipofungwa. Akaitoa chini ya kitanda, akaanza kulipima gari.

Tairi la akiba, kilo kumi na saba. Likatoka. Jeki na spana, kilo tano. Zikatoka. Mazulia ya miguuni, ubao wa buti, kiti cha mtoto, dumu la maji, vyote vikapangwa sebuleni mpaka binti yake akauliza kama wanahama. Kisha akajipima mwenyewe. Akaacha kula usiku, na katika miezi minne akapungua kilo sita.

"Nilikuwa nahesabu," anasema. "Nikitoa kilo thelathini hapa, sita kwangu, nilijua mlima utanisamehe sekunde kadhaa. Nilikuwa najisikia mjanja."

Kilichofuata anakieleza akiitazama mikono yake.

Wakati huo gari lilikuwa na abiria wa nne, mke wa Seremala. Kila safari alikuwa akimshusha mumewe kutoka ghorofa ya tatu, maana lifti ya jengo lao imekufa tangu mwaka juzi, akakaa naye nyuma na kumshika mkono mpaka mlango wa wodi. Hospitalini wagonjwa hupimwa uzito kabla ya kuunganishwa na mashine. Siku moja, kwa utani, mama huyo naye akapanda kwenye mizani. Nesi akasoma kwa sauti: sitini na nane.

Watu walicheka. Kimya hakucheka. Alikuwa ameshapiga hesabu.

"Nilimpigia simu jioni. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba yeye ni kilo sitini na nane? Nikasema tu, dada, kuanzia Jumanne naomba mumeo aje peke yake, nafasi imebana. Akasema sawa. Basi."

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Tangu hapo gari limekuwa jepesi kuliko siku lilipotoka kiwandani, na wamekuwa wakichelewa zaidi.

Wiki mbili zilizopita, akiwa anachaji uani, skrini ya gari ikaandika ujumbe ambao hakuwahi kuuona: kifurushi cha nguvu kinapatikana kwa gari lako, bonyeza kununua. Bei yake ilikuwa sawa na mapato yake ya miezi miwili na nusu.

Mshonaji alipousikia aliuliza, "Kwani siku hizi magari nayo yanawekewa bando?"

Kimya alikwenda karakana ya magari ya umeme kuuliza. Alimkuta mtaalamu mmoja mwenye upara na koti safi kama la daktari wa meno. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Mtaniwekea mota mpya?"

"Hapana."

"Betri, basi."

"Hapana, mama. Hatuweki kitu."

"Sasa nalipia nini?"

"Ruhusa," akasema yule bwana, bila kubadilisha sauti. "Nguvu zimo humo humo tangu kiwandani. Zimefungwa kwa programu. Ukilipa, kiwanda kinatuma ruhusa kwa mtandao, gari linafunguka. Hata boneti hatugusi. Dakika kumi, unakwenda zako."

Kimya alimtazama. Alilitazama gari lake kupitia dirisha, limekaa pale kwenye lami, halina tairi la akiba, halina jeki, halina hata zulia.

"Yaani nimezibeba mwenyewe miaka miwili?"

"Umezibeba."

"Zina uzito gani?"

Yule bwana alidhani ni mzaha. "Programu haina uzito, mama."

Kimya aliomba kiti. Baadaye akaomba maji. Anasema hakukasirika, hasira ilichelewa kuja. Kilichokuja kwanza ni kitu kama ganzi.

"Ni kama umelala njaa mwaka mzima, halafu mtu anakuonyesha kwamba nyumbani kwako kulikuwa na stoo imejaa, ila funguo anazo yeye. Na stoo umejenga wewe. Nikawaza chakula nilichoacha. Halafu nikamwaza mke wa Seremala."

Mtaalamu, ambaye pengine alimhurumia, alimfungulia majaribio ya wiki mbili bila malipo. Lakini hakumficha kitu. Alimwambia betri itakwisha haraka zaidi, matairi yatalika, na watu wa bima lazima wajulishwe.

Jumanne ya kwanza ya majaribio, Kimya alilipita lori lake la kwanza mlimani. Anakiri kwamba alitokwa na machozi, na si ya huzuni. Seremala, ambaye haoni, aliuliza kama wamepanda ndege. Mwalimu alitazama saa yake ya mkononi na kuandika.

Mwalimu huandika kila kitu. Ana daftari la mistari ambalo ndani yake kila safari ina namba zake: saa ya kuondoka kwake, saa ya kufika kwa Seremala, saa ya kuondoka hapo, kwa Mshonaji, chini ya mlima, juu ya mlima, mlangoni. Kazi hiyo ameifanya tangu siku ya kwanza alipopanda gari hili, na hakuna aliyemtuma.

"Mashine inachukua saa zangu nne, mara tatu kwa wiki," anaeleza. "Nataka kujua hizo nyingine nani anakula."

Leo, Alhamisi, ni safari ya tano ya majaribio, na mlimani Kimya amekanyaga kuliko siku zote. Wanaingia mlangoni saa kumi na mbili na dakika tisa. Mashine zimewashwa saa kumi na mbili kamili. Nesi anawapeleka kwenye mizani upesi upesi.

Seremala anaukumbatia mkono wake wa kushoto, ule wenye mshipa wa kuchomekewa mashine. Gari liliporuka aligonga mlango.

"Umeumia, Fundi?" Kimya anauliza.

"Sijaumia. Ningejua unaruka ningejishika. Zamani nilikuwa naambiwa."

Hasemi zamani alikuwa akiambiwa na nani. Kimya anabaki amesimama kwenye korido mpaka mlango wa wodi unajifunga.

Saa zile nne za kusubiri huzitumia garini, kwenye kivuli cha tangi la maji la hospitali. Leo ana jambo moja la kuamua. Majaribio yanaisha Jumapili. Kwenye skrini, kitufe cha kununua kinamngoja. Fedha zipo, zile alizoweka kwa ajili ya ada ya muhula ujao. Binti ameshaambiwa, naye ameshasema, "Mama, kama ni kwa ajili ya wagonjwa, mimi nitaongea na chuo." Jibu hilo lilimkata Kimya maini kuliko kama angekataliwa.

"Nilikuwa nimeshakubali," anasema. "Nilijiambia, nimemwacha mtu nje kwa kukosa nguvu. Sasa nguvu zinauzwa, nitakataaje? Kidole kilikuwa hewani."

Kabla hajabonyeza, nesi anatoka mpaka kwenye gari. Ana daftari mkononi. "Mwalimu anasema usome kwanza. Kurasa alizokunja."

Mwalimu amekunja kurasa mbili. Ya kwanza ni ya mlima. Kabla ya majaribio, chini mpaka juu, dakika sita na nusu. Tangu majaribio, dakika nne. Chini yake ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: faida, dakika mbili na nusu.

Ya pili ni ya kwa Seremala. Mwaka jana mwanzoni, kufika na kuondoka, dakika moja. Ukurasa mzima: moja, moja, moja na nusu, moja. Halafu kuna mstari uliopigwa kwa rula, na chini ya mstari: kumi na moja, tisa, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na nne.

Kando ya mstari kuna tarehe. Kimya hahitaji kuiulizia. Ni Jumanne ile, ya baada ya simu.

Analiweka daftari mapajani na kuzipitia tena namba kwa kidole, moja moja.

Si kwamba hakuwa akipanda zile ngazi. Alikuwa akizipanda kila safari. Alimkuta Seremala akipapasa shati, akitafuta kadi ya hospitali kwenye droo ambayo siyo, viatu vimegeuzwa miguu. Alimshika mkono wakashuka, ngazi moja, pumziko, ngazi moja. Alidhani ni ugonjwa unaozidi. Alimwonea huruma. Wazo la kujumlisha halikumjia hata mara moja.

"Mimi, niliyepima mpaka zulia," anasema. "Nilitoa kilo sitini na nane nikanunua dakika kumi na moja za kuchelewa. Na bado nilikuwa nataka kulipa nipate mbili na nusu."

Mshonaji, anapotoka kwenye mashine saa nne na kusikia habari yote, anasema, bila utani safari hii, "Mimi nilikuona ukimpandia kila siku. Nikajua mnajua mnachofanya. Sote wajinga."

"Wewe sema wewe," Mwalimu anamwambia. "Mimi niliandika."

"Uliandika, hukusoma. Miezi mitano, Mwalimu. Mwanafunzi wako angepata sifuri."

Mwalimu anainamisha kichwa. "Nilikuwa naangalia mlima, kama yeye," anasema.

Kuna kitu kimoja Kimya bado hajakielewa: kwa nini Seremala alikuwa akiachwa peke yake nyumbani alfajiri. Mkewe hakupanda gari, sawa, lakini alishindwaje kumvalisha na kumshusha? Hakuwahi kuuliza. Alimwogopa yule mama tangu siku ya simu, na hakumwona tena.

Leo mchana, baada ya kuwafikisha wengine, anampandisha Seremala ghorofa ya tatu, na safari hii hageuki mlangoni. Mkewe amerudi, bado amevaa sare ya bluu ya kampuni ya usafi. Ni mwanamke mpole wa miaka hamsini na kitu, mwenye viganja vilivyopauka kwa sabuni. Anamlaza mumewe chumbani, anarudi, anamwonyesha mgeni kiti.

"Karibu, mama. Kuna tatizo?"

Kimya anasimama. Ameyapanga maneno tangu chini ya tangi la maji, na yote yanamkimbia. "Dada, nimekuja kukuomba radhi. Ile simu. Sikukwambia ukweli. Nafasi haikubana. Gari lilikuwa linashindwa mlima, nikahesabu uzito. Nikakuhesabu na wewe."

Mama anamtazama kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua nusu. "Uzito gani?"

"Wako. Wa siku ile kwenye mizani."

Yule mama anakaa polepole kwenye ukingo wa meza. Hakasiriki. Rangi ya midomo ndiyo inayobadilika.

"Ni kilo?" anauliza. "Ni kilo tu?"

"Ni kilo, dada."

"Mimi nilijua yeye ndiye aliyekuomba." Anaelekeza kidevu upande wa chumbani. "Nilijua amenichoka. Mtu umemshika mkono miaka yote, halafu unaambiwa na dereva aje peke yake. Sikutaka kumuuliza, nikasema nisimfanye aseme. Nikatafuta kazi ya alfajiri ili asinione nikihangaika nyumbani. Natoka saa kumi na nusu, namwacha amelala."

Kimya anashika mgongo wa kiti.

Kutoka chumbani, Seremala, ambaye baada ya mashine huwa hasemi neno mpaka jua lizame, anauliza kwa sauti ya mkwaruzo: "Kilo ngapi?"

Wanawake wote wawili wanageuka.

"Sitini na nane," mkewe anasema.

"Mimi nilidhani wewe ndiye uliyenichoka," sauti inasema. "Ulipoanza kutoka gizani. Nikasema ana haki."

Mama anavua viatu vyake vya kazi, anaviweka kando ya mlango, anaingia chumbani. Mlango hajaufunga, lakini Kimya anaondoka bila kuaga, na anashuka ngazi zote akishika ukuta.

Kifurushi hatakinunua. Majaribio yaishe Jumapili kama yalivyopangwa, gari lirudi kuvuta kwa upole, na ada ya binti ibaki ada. Kwa siku hizi chache ameona betri ikibaki na robo mahali ilipokuwa ikibaki na nusu, na juzi alikosa abiria wawili wa jioni akisubiri kuchaji. Dereva mwenzake wa gari kama lake alimuuliza kama kinafaa. "Kama mlima ndio unaokuchelewesha, kinafaa," alimjibu. "Hakikisha kwanza ni mlima."

Kuhusu mke wa Seremala, hakuna aliyeahidi kitu. Kazi ya usafi si ya kuachwa kwa siku moja, na mshahara wake umeshaanza kula madeni ya dawa. Ombi la kuhamishiwa zamu ya mchana lipo kwa msimamizi, na Kimya amejitolea kwenda naye kesho Ijumaa kulieleza, yeye asiyependa kusema.

"Jumamosi nitafika pale chini ya jengo lao saa kumi na moja na dakika tano," anasema, akichomeka waya wa kuchaji uani kwake, mgongo ameugeuza ili uso wake usionekane. "Wakishuka wawili, nitafungua mlango wa nyuma. Akishuka mmoja, nitapanda ngazi kama kawaida. Ila nitapanda mapema zaidi."